Oili ya sintetiki Arusha: namba ya kwenye galoni si namba yako

Siku hizi wateja wanakuja gerejini na galoni mkononi, na maneno ni yale yale: "Fundi, hapa pameandikwa oili imwagwe baada ya kilometa 10,000. Wewe kwenye karatasi unaniandikia 7,000. Unanitafutia nini?" Swali ni la haki, maana sintetiki, oili ya injini iliyoundwa kiwandani, haiuzwi bei chee.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Gari la petroli lisilo na turbo (feni inayosukumia injini hewa ya ziada), linalozunguka hapa mjini kila siku: kilometa 7,000 au miezi 6, kitakachotangulia. Gari la safari ndefu za lami, Dar, Dodoma, Tanga: 10,000, mradi oili iwe sintetiki kweli na injini isiwe inaila. Gari lenye turbo: 5,000, na hapo sibishani na mtu.

Sasa sababu zake. Sintetiki inasifiwa, na sifa ni zake. Inahimili joto la pistoni muda mrefu bila kuwa tope, na asubuhi za Julai, baridi ya Arusha inapouma, inapanda juu ya injini upesi mara tu unapowasha. Lakini ndani ya galoni hiyo hiyo kuna kemikali za nyongeza, zinazosafisha masizi, kuua tindikali na kulinda vyuma visisagane. Hizo zinafanya kazi ya sabuni, na kama sabuni zinakwisha. Oili yenyewe bado ni nzima, sabuni imeisha. Na mchanga ukishaingia kwenye injini hauulizi kama umeweka sintetiki au oili ya kawaida.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Kitabu cha Toyota cha soko la Japani, kwa injini nyingi za petroli zisizo na turbo, kinasema kilometa 15,000 au mwaka mmoja. Watu wanasoma hapo wanafunga kitabu. Kuna mstari wa pili, wa matumizi magumu: 7,500 au miezi 6. Ukiangalia matumizi magumu ni yapi, utakuta barabara mbovu na za vumbi, milima, safari fupi za kurudiarudia, kusimama sana injini ikiunguruma. Huyo si dereva wa Arusha huyo? Ulaya kuna magari ya Volkswagen yanayoruhusiwa hadi 30,000 au miaka 2, ila kwa oili ya daraja maalumu na kompyuta ya gari inayohesabu matumizi. Usiichukue namba hiyo ukaibandika kwenye Toyota IST.

Halafu kilometa zenyewe zinadanganya. Chukua IST mbili. Ya kwanza inatoka Sakina, hapa Arusha, kwenda mjini na kurudi: foleni, mataa, kumshusha mtoto shule, kusubiri mtu dukani bila kuzima. Wastani wake ukiupiga vizuri hauzidi kilometa 20 kwa saa, kwa hiyo kilometa 5,000 ni saa 250 za injini. Ya pili inapiga lami kwa wastani wa 70. Kwake kilometa 5,000 ni saa 71 tu. Odomita zinasoma sawa, lakini oili ya kwanza imefanya kazi mara tatu na nusu ya ile ya pili, tena kazi mbaya zaidi, kwa sababu injini ya safari fupi haipati muda wa kupata moto sawasawa. Petroli kidogo inayopenya kwenye ringi za pistoni na mvuke wa maji vinabaki humo humo kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, badala ya kuchemka na kutoka.

Hilo unaweza kuliona mwenyewe. Asubuhi fungua mfuniko wa kujazia oili, ugeuze. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, na gari lako ni la kwenda sokoni na kurudi, mara nyingi huo ni mvuke uliokosa joto. Liendeshe hadi Moshi na kurudi, kilometa kama 80 kwenda tu, utando utapungua. Usipopungua, au ukiona maji ya rejeta yanashuka, hilo si suala la oili tena. Njoo tuangalie gasketi ya silinda hedi.

Vumbi ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, hasa kiangazi, kwa wanaokaa mitaa ambayo lami haijafika. Toa ea klina, kisha pitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea injini, upande ule ambao hewa imeshachujwa. Kidole kikitoka na unga mwekundu, acha kabisa hesabu za 7,000 na 10,000. Unasaga ringi na kuta za silinda kila siku, na hakuna oili duniani itakayokuokoa. Chanzo huwa ni filta isiyo ya saizi yake, au ile iliyopulizwa na kompresa mara nyingi hadi karatasi ikatoboka. Nunua mpya. Bei yake ni ndogo kuliko galoni unayoihangaikia.

Turbo nimesema 5,000. Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isigusane na chuma ni utando mwembamba wa oili. Kwenye Subaru Forester nyingi za turbo kuna kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili huko. Ni kidogo, kinaingia kwenye ncha ya kidole. Kikizibwa na tope, turbo inakauka na wewe huna habari hadi ianze kupiga mluzi. Injini za Toyota zilizoandikwa VVT-i nazo zina vijia vyembamba vya namna hiyo, ndiyo maana siwashauri wenye nazo kuweka oili nzito ya namba 40 kwa kuwa babu alitumia kwenye Land Rover. Fuata namba ya kitabu: 5W-30, 0W-20, chochote kilichoandikwa.

Rangi ya oili isikutishe. Oili nzuri inapaswa kuchafuka, ni dalili kwamba inasafisha. Ya dizeli inakuwa nyeusi karibu siku ile ile. Angalia kimo. Magari mengi ya Toyota ya katikati ya miaka ya 2000 yenye injini ya 2AZ, RAV4 na Vanguard zimo, yanakula oili kwa sababu ya ringi. Gari linalokula lita 1 kila kilometa 2,000, likifika 7,000 limeshameza lita 3 na nusu, na sampu yote haifiki lita 5. Wengi niliowaona wamenoki injini hawakunoki kwa oili kuukuu. Walinoki kwa oili kupungua, huku wakisubiri taa nyekundu ya kwenye dashibodi. Taa ile inasema presha imeanguka. Ikiwaka ukiwa mwendoni, umeshachelewa. Chomoa stiki kila unapojaza mafuta, gari likiwa limesimama pa tambarare.

Kuhusu kununua: nunua sheli au kwa wakala anayejulikana, vunja lakiri mwenyewe, na ukimaliza toboa galoni usimwachie mtu. Galoni safi tupu ina wateja wake, wanaoijaza oili bandia. Filta ya oili badilisha kila ukimwaga, hata kama fundi wako anasema hii bado.

Kwa wenye Land Cruiser za kitalii zenye injini ya dizeli ya 1HZ, sintetiki ni hela inayopotea bure. Injini ile ni ya zamani, inapenda 15W-40 ya dizeli iliyo nzuri, imwagwe kila 5,000, au mapema zaidi kama gari limeshinda Serengeti kwa gia ndogo wiki nzima.

Na kwa ndugu zetu wa Dar wanaopanda kuja Kilimanjaro kwa sikukuu za Desemba: Dar hadi Moshi ni kama kilometa 560, gari limejaa watu na mizigo, halafu kila siku ni kupanda Marangu, Machame, Kibosho, kushuka, kupanda tena. Kama oili yako imebakiza kilometa 1,000, usiseme utaimwagia huku. Tarehe 23 gereji zote zimejaa, na mwenye duka la spea naye keshaenda kwao. Mwage kabla ya kuondoka Dar, na kwenye buti weka lita 1 ya oili ile ile.