Elimu ya afya ya jamii vijijini ina maana gani?

Elimu ya afya ya jamii ni mafunzo ambayo wakazi wa mahali pamoja huyapata katika vikao vinavyorudiwa, wakiongozwa na mtu wanayemfahamu, kuhusu namna ya kulinda miili na akili zao. Kila kikao huishia kwenye jambo ambalo wameamua kulifanya. Kikao kikiwa kimoja tu, au mwongozaji akiwa mgeni wa kuja na kuondoka, au watu wakirudi nyumbani bila uamuzi wowote, kilichofanyika ni utoaji wa taarifa. Taarifa ina kazi yake, lakini dhana hii ni pana zaidi.

Tofauti huonekana kwenye maswali. Gari lenye kipaza sauti likipita likitangaza siku ya chanjo, ujumbe humfikia hata aliye shambani. Ila halisimami kumsikiliza mama anayetaka kujua afanyeje ikiwa mtoto alipata homa baada ya chanjo ya kwanza na sasa baba yake hataki kusikia habari za chanjo ya pili. Swali hilo ndilo linaloamua kama mtoto atachanjwa au la. Kwenye programu ya elimu, swali la namna hiyo huwa ndiyo mada yenyewe: linajibiwa, kina mama wengine wanaeleza walivyofanya wao, na mwezi unaofuata mtu anauliza limeishia wapi.

Wazo hili lina historia ndefu. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inaeleza afya kuwa ni ukamilifu wa mwili, akili na ustawi wa kijamii, wala si kukosa maradhi pekee. Miaka 30 baadaye, Septemba 1978, mataifa yalikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya enzi za Umoja wa Kisovyeti, yakatoa azimio kuhusu huduma ya afya ya msingi. Azimio hilo linataja mambo manane ambayo huduma hiyo isiyakose, na la kwanza kabisa ni elimu kuhusu matatizo ya afya yaliyopo mahali husika na njia za kuyazuia. Limetangulia chanjo, limetangulia na dawa. Mpangilio huo naona ulikuwa sahihi, maana dawa isiyoeleweka haimezwi ipasavyo, na chanjo isiyoaminika hukwepwa. Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa tayari imeendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi.

Kijijini elimu ya aina hii ina uzito wa pekee kwa sababu ya umbali. Hospitali ikiwa mwendo wa saa nyingi, na mtaalamu wa magonjwa ya akili akiwa mbali zaidi ya hapo, maamuzi mengi ya afya hufanyika nyumbani na watu ambao hawakusomea udaktari. Homa hii ni ya kusubiri hadi asubuhi, au mgonjwa abebwe usiku huu huu? Damu anayotoka mjamzito ni kidogo au ni hatari? Huyu aliyejifungia ndani wiki ya tatu ni mvivu, amerogwa, au anaumwa? Anayezijua dalili za hatari huokoa saa ambazo haziwezi kurudishwa baadaye na gari la wagonjwa.

Hata hivyo kujua na kutenda ni mambo mawili, na hapa kuna somo kubwa kutoka Bangladesh. Kati ya 1980 na 1990, shirika la BRAC lilituma wafanyakazi nyumba kwa nyumba kuwafundisha kina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari guru kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Zilifikiwa kaya zaidi ya milioni 12. Malipo ya mfanyakazi yalitegemea kile ambacho mama alikumbuka na aliweza kukifanya pale mkaguzi alipomtembelea baadaye, si idadi ya nyumba alizogonga hodi. Kina mama walikumbuka vizuri. Lakini mwanzoni wachache tu ndio waliotumia dawa ile watoto walipougua, na shirika likalazimika kuuliza kwa nini. Sehemu ya jibu ilikuwa kwamba wanaume, wenye kauli ya mwisho katika nyumba nyingi, walikuwa wameachwa nje ya mafunzo. Walipoanza kushirikishwa, mambo yakaanza kubadilika. Ningetamani kila anayepanga programu ya kijiji aanze kwa swali hilo: nani ana kauli kwenye jambo hili, na je, yumo kikaoni?

Njia nyingine ni ya kikundi. Huko Makwanpur, wilaya ya vijijini nchini Nepal, wanawake walikutana kila mwezi wakiongozwa na mwanamke wa eneo lao ambaye hakuwa muuguzi. Hawakuhutubiwa. Walitaja matatizo yanayowapata wajawazito na vichanga, wakachagua yapi yashughulikiwe kwanza, wakabuni suluhisho: mfuko wa pesa wa dharura, machela ya kumbebea mgonjwa, vifaa safi vya kujifungulia. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalionyesha kuwa vifo vya vichanga vilikuwa chini kwa karibu asilimia 30 kuliko katika maeneo yasiyo na vikundi. Baadaye majaribio saba ya aina hiyo, kutoka Bangladesh, India, Malawi na Nepal, yalipounganishwa, ilibainika kwamba manufaa makubwa yalipatikana pale ambapo angalau theluthi moja hivi ya wajawazito walihudhuria. Kikundi cha watu kumi walewale, hata wawe na ari kiasi gani, hakibadilishi kijiji.

Sasa tuje kwenye akili, ambako programu nyingi hujikwaa. Kwa kawaida afya ya akili huongezwa mwishoni, kama mada ya siku moja, baada ya usafi, lishe na uzazi kumalizika. Utenganisho huo hauna msingi. Mwenye kisukari aliyezidiwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huacha kumeza dawa. Mzazi asiyelala usiku kwa wasiwasi hukosa nguvu ya kumchemshia mtoto maji. Maumivu yasiyoisha nayo humvunja mtu moyo hadi akajitenga na wenzake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu unatoka vijijini Pakistan. Watafiti waliwafundisha wahudumu wa afya wa jamii, wanawake ambao tayari walikuwa wakizitembelea nyumba kwa habari za uzazi na watoto, jinsi ya kuzungumza na mama mwenye sonona: kumsikiliza, kumsaidia atambue mawazo yanayomdidimiza, kupanga naye hatua ndogo ya wiki hiyo, na kuishirikisha familia. Mazungumzo yalijengwa juu ya ukuaji wa mtoto, jambo ambalo hakuna aliyelionea haya. Matokeo yakatoka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, asilimia 23 ya kina mama waliopata msaada huo bado walikuwa na sonona, ilhali kwa waliotembelewa kwa utaratibu wa kawaida ilikuwa asilimia 53. Watoto wao pia waliharisha mara chache zaidi, na wengi zaidi walikamilisha chanjo. Akili ya mama ilipotulia, mwili wa mtoto ulinufaika.

Nchini Uganda nako, katika vijiji vya Masaka na Rakai, watu wenye sonona waliwekwa katika vikundi vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, si matabibu. Walizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Matokeo ya 2003 yalionyesha nafuu kubwa. Kwa hiyo dai kwamba kijiji hakiwezi kufanya lolote kuhusu akili hadi daktari bingwa afike si kweli.

Mada ya akili ina masharti yake, nayo yanahitaji kuzingatiwa kwa uangalifu. Kijijini watu wote wanafahamiana, hivyo siri ikitoka kikaoni jioni huwa imeshafika kisimani asubuhi. Kikundi kinapaswa kukubaliana tangu siku ya kwanza kuhusu yanayobaki ndani, na mwenye jambo zito apewe nafasi ya kuzungumza faragha. Lugha pia ina uwezo wa kufukuza watu. Ukimwita mtu kichaa mbele ya wenzake, wengine kumi walioumia kimyakimya hawatakuja tena. Na wengi huogopa kumuuliza aliyekata tamaa kama anafikiria kujitoa uhai, wakidhani swali litampa wazo hilo. Halimpi. Kumuuliza kwa upole na bila kuzunguka humfungulia mlango wa kusema, kisha asiachwe peke yake hadi apate msaada wa mhudumu wa afya.

Hapo ndipo mpaka wa elimu hii unapoonekana: haichukui nafasi ya tiba. Anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, mwenye kifafa, mwenye shinikizo la damu lililopanda sana, hao wanahitaji rufaa, na rufaa inahitaji kituo chenye dawa na mtu wa kuwapokea. Kuwafundisha watu dalili za ugonjwa ambao hawana pa kuutibia ni kuwaongezea hofu. Mambo mengine yanadai sheria kuliko mafunzo. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, hasa katika miaka ya 1990, kiwango cha watu kujitoa uhai kilishuka kwa takriban asilimia 70 katika miaka iliyofuata. Vikao vya kijiji peke yake visingeweza kufanya hivyo.

Limebaki suala la anayeongoza. Sifa yake ya kwanza ni kuaminika, ya pili ni kujua kusikiliza. Kisomo kirefu kinaweza kusubiri, lakini mafunzo ya mara kwa mara na msimamizi wa kumuuliza anapokwama hayawezi. Malipo nayo ni lazima. Kwa muda mrefu programu nyingi zimetegemea kujitolea, hasa kwa wanawake, kana kwamba muda wao hauna thamani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa wanazofanya na mafunzo waliyopata, na kwamba malipo yasitegemee matokeo peke yake. Asiyelipwa huacha vikao mavuno yanapofika, na imani ambayo watu walikuwa wamemkabidhi kwa mwaka mzima haihamishiki kwa mrithi wake kwa barua ya uteuzi.