Leza haimalizi miwani maisha

Wengi huamini kwamba ukishapigwa leza machoni, wewe na miwani ni kwaheri ya kutoonana. Sivyo. LASIK, upasuaji huo wa leza, hubadilisha umbo la konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Kuona karibu ni kazi ya lenzi iliyo nyuma ya mboni, nayo hukakamaa polepole, na usumbufu huanza kuonekana miaka 40 hivi. Aliyefanyiwa akiwa na 25, na leo anasogeza simu mbali ili asome ujumbe, hakutapeliwa.

Anayefunga safari kwenda Istanbul au Chennai kufanyiwa leza apime kwanza unene wa konea akiwa nyumbani. Kwa kawaida ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 540 hivi. Tuseme yako ni 480, na namba ya miwani ni -9. Kifuniko chembamba cha konea kinachokatwa na kufunuliwa huchukua kama 110. Leza hula takriban 14 kwa kila dayopta (namba moja ya miwani), yaani 126. Zinabaki 244, na madaktari wengi hawashuki chini ya 250. Utakataliwa, na nauli imeshaenda. Kama unavaa lenzi laini, ziache wiki 1 hadi 2 kabla ya kipimo. Hupotosha umbo la konea.

Bei ya tangazo, hasa ya “kuanzia”, huenda ni ya jicho moja tu. Ongeza matone, hoteli na uchunguzi wa kesho yake. Kwa PRK, aina nyingine ya leza isiyo na kifuniko, panga wiki nzima: lenzi ya kukinga kidonda hutolewa baada ya siku 4 au 5 hivi. Ukavu wa macho unaweza kudumu miezi, na daktari wako yuko ng'ambo.