Je, wajua kwa nini waimbaji wengi wa Kisamoa huwa pia waigizaji?

Juni 2024 ilitangazwa kwamba binti wa miaka 17 kutoka Sydney, Catherine Laga'aia, ndiye atakayecheza nafasi ya Moana, binti shujaa wa filamu ya Disney, katika toleo la watu halisi, si lile la katuni. Watu walipotafuta jina lake wakakuta ni mtoto wa Jay Laga'aia, Msamoa aliyezaliwa Auckland, New Zealand. Huyu baba alicheza Kapteni Typho katika filamu za Star Wars, akawa Mufasa kwenye jukwaa la The Lion King huko Australia, na kwa miaka mingi amewaimbia watoto kwenye televisheni ya nchi hiyo. Baada ya hapo swali la walikotoa vipaji hivyo likafungwa kwa neno moja: damu. Wasamoa, wakasema watu, huzaliwa na sauti.

Nisiwacheke. Hilo jibu niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, tena kwa kujiamini. Tulikuwa tumekaa nje baada ya mazoezi ya kwaya, mtu akacheza kwenye simu wimbo wa dada mmoja wa Kisamoa, wa soul, ule muziki ulioanzia kwa Wamarekani weusi, nikaanza kutoa mhadhara. Nikasema, angalieni miili yao, angalieni wachezaji wao wa raga: kifua kipana, mapafu makubwa, sauti itakosaje kuwa nzito? Mwenzetu mmoja aliniangalia bila kusema neno. Ni mwembamba kama ufito, na ndiye besi wetu. Akiingia kwenye noti ya chini, mabenchi ya mbele yanatetemeka.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Sauti ya binadamu hutoka kwenye zoloto, ile sehemu ya koo inayopanda na kushuka unapomeza mate. Ndani yake mna mikunjo miwili midogo tunayoiita nyuzi za sauti. Za mwanamume mzima huwa na urefu wa takriban milimita 17 hadi 25, za mwanamke kama milimita 12 na nusu hadi 17 na nusu. Yaani chombo chote hicho kinachowaliza watu misibani na kuwarusha harusini hakizidi sana upana wa kidole gumba. Urefu na unene wa nyuzi hizo ndio unaoamua sauti iwe ya chini au ya juu, na miongoni mwa watu wazima wa jinsia moja, ukubwa wa mwili haukuambii mengi kuhusu nyuzi hizo. Jitu la miraba minne linaweza kuwa tenori, na ufito ukawa besi.

Vipi mapafu? Nayo niliyaelewa vibaya. Nilidhani pafu kubwa ni sauti kubwa. Lakini fikiria simtanki la maji juu ya paa. Ukiwa na la lita 5,000 na koki yako imelegea, utapata maji yanayomwagika ovyo, kisha kimya. Jirani mwenye pipa dogo na koki nzuri atapata mchirizi uliotulia, atakaoupunguza na kuuongeza apendavyo. Mwimbaji mzuri ni yule mwenye koki nzuri: misuli ya mbavu na tumbo inayotoa pumzi kidogokidogo, na nyuzi zinazokutana vizuri zisivujishe hewa bure. Koki hiyo hufundishwa, na inafundishika zaidi ikianza mapema.

Sasa hoja ya damu. Urithi una nafasi yake katika kipaji cha mtu mmojammoja, kwa Msamoa kama kwa Mnyakyusa. Ila kutoka hapo hadi kusema taifa zima lina jeni ya kuimba ni kuruka mtaro mpana mno. Tena mtoto wa mwimbaji harithi koo peke yake. Anarithi na nyumba: anaamka baba yake akipasha sauti bafuni, anakua akidhani kila baba hufanya hivyo. Huwezi kumtazama mtu wa namna hiyo ukasema hiki kimetoka kwenye damu na hiki kimetoka bafuni.

Kwa hiyo kama si kifua wala damu, ni nini?

Historia kwa ufupi. Samoa ni visiwa vya Pasifiki vyenye watu wapatao 200,000, vilivyopata uhuru kutoka New Zealand tarehe 1 Januari 1962. Wasamoa wengi walihamia New Zealand kufanya kazi viwandani, na sensa ya huko ya mwaka 2018 ilihesabu zaidi ya 180,000, karibu sawa na waliobaki nyumbani. Wamisionari wa London Missionary Society walitia nanga kisiwa cha Savai'i mwaka 1830, John Williams akiwaongoza. Wasamoa walikuwa wakiimba tangu zamani, wakipiga mkeka uliokunjwa kwa vijiti kama ngoma. Wamisionari wakaleta nyimbo za ibada za sauti nne. Msomaji aliyelelewa katika kwaya ya Kilutheri au ya Anglikana hapa kwetu anaijua hadithi hii: soprano, alto, tenori, besi.

(Kabla sijasahau: herufi g ya Kisamoa husomwa kama ng' ya ng'ombe. Mji wa Pago Pago ni Pang'o Pang'o, na Laga'aia ni Lang'a, unakata pumzi kidogo, halafu aia. Waingereza huhangaika na jina hilo. Sisi tulizaliwa na herufi yake.)

Tofauti na kwetu iko kwenye wingi wa mazoezi. Katika vijiji vya Samoa, jioni inapoingia, hupigwa kengele au baragumu la kombe, na kijiji kizima kinatulia. Vijana husimama kando ya barabara kuhakikisha hakuna anayezurura. Kila familia huketi ndani kwa ibada fupi: wimbo, neno, sala. Hakuna piano wala mwalimu. Shangazi anaanzisha, mama anaingia kwa sauti ya pili, mjomba aliye mlangoni anashika besi, na mtoto wa miaka sita aliyekaa katikati yao inabidi atafute pa kupita. Akifanya hivyo kila siku hadi miaka 16, ni jioni 3,650, bila kuhesabu ibada za Jumapili kanisani. Si kila familia hutimiza hesabu hiyo, na walioko Auckland wana zamu za usiku na foleni za magari. Hata ukikata nusu, bado ni mazoezi ambayo shule nyingi za muziki hazitoi.

Anachojifunza hapo ni kitu kimoja kigumu: kushikilia sauti yake huku ya jirani ikimvuta. Chukua mfano wa wauza nyanya wawili wenye meza zilizoshikana. Wewe unahesabu fedha zako kwa sauti, "kumi na saba, kumi na nane", na jirani anahesabu zake, "thelathini na mbili, thelathini na tatu". Mara ya kwanza utajikuta umerukia thelathini na nne. Mara ya mia utahesabu zako bila kuyumba. Ukifika mara ya elfu linatokea jambo la ajabu: unazisikia hesabu zote mbili kwa pamoja, na unajua jirani akikosea. Hilo ndilo sikio la mwimbaji wa sauti ya pili. Haliji kwa kuambiwa, huja kwa kukaa kwenye meza ile.

Mtoto huyo akija kusikia soul kwenye redio, hakutani na mgeni. Soul yenyewe ilitoka kanisani. Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji wa Detroit, na Sam Cooke aliimba injili na kundi la Soul Stirrers kabla ya kugeukia mapenzi. Kinachobadilika ni maneno tu, anayeitwa "mpenzi" badala ya "Bwana". Zile sauti za nyuma zinazoitikia, mtoto wa Kisamoa anazo tayari. Anachokosa ni kimoja: kusimama mbele peke yake. Katika kwaya, sauti inayojitokeza ni kosa. Katika soul, isiyojitokeza ndiyo kosa.

Na hapa ndipo uigizaji unapoingia, kupitia mlango ambao sikuutegemea.

Jumapili ya pili ya Oktoba kila mwaka ni Lotu Tamaiti, ibada ya watoto. Jumatatu inayofuata ni sikukuu ya taifa huko Samoa. Siku hiyo watoto huvaa nyeupe tupu na kuendesha ibada wao. Kila mmoja ana kifungu alichokariri, kinaitwa tauloto, na lazima akiseme mbele ya kanisa zima bila karatasi. Mtoto wa miaka mitano anasimama, soksi moja imeshuka, anatazama watu mia mbili, na maneno yanapotea. Mama yake benchi la tatu anachezesha midomo bila sauti. Kanisa linacheka kidogo, kwa upole. Mtoto anavuta pumzi, analikumbuka neno la kwanza, na lililobaki linatoka kwa mkupuo. Wakubwa zaidi huigiza: Daudi na Goliathi, mwana mpotevu, na nyimbo katikati. Baadaye nyumbani, watoto hula kwanza na wazazi wao ndio wanaowahudumia, kinyume cha desturi ya siku nyingine zote. Umeimba, umeigiza, umepata nyama kabla ya baba. Kwa mtoto, malipo gani ya msanii yatazidi hayo?

Kwa hiyo swali langu la mwanzo lilikuwa na kasoro. Niliuliza kwa nini mwimbaji anageuka kuwa mwigizaji, kana kwamba anavuka mto. Kumbe kwa aliyeanza Lotu Tamaiti akiwa na miaka mitano, vilikuwa kazi moja tangu siku ya kwanza, na ni sisi tulioweka mto katikati.

Kuna na mizizi ya zamani zaidi. Wasamoa wana mchezo wa jadi uitwao fale aitu, maana yake nyumba ya mizimu. Ni vichekesho vyenye nyimbo na dansi, na mchekeshaji mkuu huchukuliwa kuwa amepandwa na mzimu. Kinga hiyo ni ya maana sana, kwa sababu akimkejeli chifu aliyekaa mbele yake, aliyesema si yeye, ni mzimu. Kundi la Naked Samoans, lililoanza 1998 na baadaye kutoa sauti za katuni ya bro'Town, mara nyingi huelezwa kuwa wajukuu wa fale aitu. Nafikiri ni kweli kwa roho ya utani, ingawa walikulia mjini na televisheni nayo iliwalea.

Halafu kuna lugha. Kisamoa kina namna mbili za kutamka. Msichana ni teine ukiimba, ukisali au ukisoma habari redioni, lakini nyumbani na sokoni ni keige, soma keing'e. T inakuwa k, n inakuwa ng'. Si suala la usomi na ushamba, maana hata wazee wasemaji kwenye mikutano mikubwa ya kimila hutumia ile ya k. Ni suala la uko wapi na unazungumza na nani. Mtoto anavuka kutoka moja hadi nyingine mara kumi kwa siku. Sitadai kwamba hilo linamfanya mtu kuwa mwigizaji, kwa sababu Waswahili nasi hubadili lafudhi tukipigiwa simu na bosi na hatujapata Oscar. Linampa tu mazoea ya kujua kwamba mdomo mmoja unaweza kubeba watu wawili.

Ukitazama mianzo ya waimbaji wenyewe, alama ya ile kwaya inaonekana: wengi huanza ndani ya kundi, mbele huja baadaye. Akina dada wa Yandall, Wasamoa wa Auckland, walisikika sana miaka ya 1970 wakiimba kama dada. Karoline Tamati, ajulikanaye kama Ladi6, alipita kwenye makundi ya Sheelahroc na Verse Two kabla ya albamu yake ya kwanza ya peke yake mwaka 2008. Ya pili ikamletea Taite, tuzo ya muziki ya New Zealand, mwaka 2011. Aaradhna, ambaye mama yake ni Msamoa na baba yake Mhindi, wengi walimsikia kwanza akiwa mgeni katika wimbo wa mwaka 2004 wa Adeaze, ndugu wawili wa Kisamoa. Albamu yake mwenyewe ikaja 2006. Ni mifano, si takwimu, na wapo wengi waliokaa mabenchi yaleyale na hadi leo wanaimba kama mlango usiotiwa mafuta.

Huyo Aaradhna ndiye aliyenirudisha kwa ufito wetu wa besi. Novemba 2016, kwenye tuzo za muziki za New Zealand, alishinda katika kipengele cha hip hop na muziki wa mjini kwa albamu yake Brown Girl. Alipanda jukwaani akaikataa. Akaeleza kwamba yeye ni mwimbaji, hachani mistari, na kwamba anahisi amewekwa humo kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Kisha akawaachia tuzo SWIDT, kundi ambalo kweli ni la hip hop.

Waliompanga katika kipengele hicho walimtazama kwanza, wakaamua amewaimbia nini. Mimi siku ile nje ya kanisa nilikuwa nafanya vilevile, nikipima vifua kwa macho, na besi wa kwaya yetu ameketi pembeni yangu anakunywa soda.