Haipothalamasi ya panya haina swichi ya njaa

Nimesahihisha mitihani wiki hii, na sentensi kuhusu haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, ni ileile ya kila mwaka: "Kituo cha njaa kiko pembeni mwa haipothalamasi, cha shibe kiko katikati." Jamani, hapana.

Najua ilikotoka. Mwaka 1940 watafiti Hetherington na Ranson waliunguza kwa umeme sehemu yake ya katikati, kwa chini, na panya wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1951 Anand na Brobeck wakaunguza pembeni. Panya wakaacha kula. Vitabu vikachora vituo viwili.

Lakini umeme hauchagui. Ukiunguza pembeni unakata pia nyuzi za neva za dopamini, kemikali ya ubongo inayotia hamu, zinazopita pale kwenda mbele ya ubongo, na panya aliyepungukiwa dopamini hajali chakula wala kitu kingine. Tena, mwaka 1962 Teitelbaum na Epstein walionyesha kwamba panya hao wakilishwa kwa mrija, hatua kwa hatua hurudi kula wenyewe. Kituo kilichokufa kimefufukaje?

Leo tunazungumzia seli za AgRP, kundi dogo la seli za neva zinazochochea njaa, zilizoitwa kwa jina la protini yake, katika kiini cha akuati ndani ya haipothalamasi, kando ya ventrikali ya tatu, uwazi wenye majimaji. Majirani zake, seli za POMC, huvuta upande wa pili, wa shibe. Leptini, homoni kutoka kwenye mafuta ya mwili, hutuliza za kwanza, huchochea za pili. Tangu 2011 tunaweza kuziwekea seli za AgRP protini inayohisi mwanga, kisha kuziwasha kwa mwanga: panya aliyeshiba anatoka kwenye kiota chake cha pamba, anafuata kidonge cha chakula, anakishika kwa mikono miwili na kukitafuna.

"Si ndiyo swichi hiyo?" huniuliza wanafunzi. Subirini. Mwaka 2015 seli hizo zilipimwa kwa panya mwenye njaa aliye macho. Akiletewa chakula, zinanyamaza ndani ya sekunde chache, kabla hajameza hata punje. Akinyang'anywa, zinaamka tena. Sasa nini kinamfanya aendelee kula? Imeonekana kwamba zikiwashwa kisha zikazimwa, hamu hubaki kwa muda mrefu baadaye. Naegemea huko, ila sijaridhika.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni jaribio la 2005. Seli hizo zikiuawa kwa panya mzima, anaacha kula hadi kukaribia kufa. Zikiuawa kwa kichanga, anakua na kula karibu kama wenzake.