Gridi: miraba iliyo nyuma ya rangi za ramani ya bahari

Fungua NASA Worldview, tovuti ya picha na ramani za setilaiti, au ramani ya mtandaoni ya Copernicus Marine, huduma ya data za bahari ya Umoja wa Ulaya, vuta hadi Tanga, uchague joto la uso wa bahari. Mlangobahari wa Pemba wote utakuwa umepakwa rangi. Ile si picha. Bahari imegawanywa miraba, kila mraba umepewa namba moja, na programu imeigeuza namba hiyo kuwa rangi. Mpangilio huo wa miraba ndio gridi, na upana wa mraba ndio wa kutazama kabla ya kitu kingine chochote.

Upana huandikwa kwa digrii. Digrii moja huku kwetu ni kama kilomita 111, hivyo data ya digrii 0.25 ina mraba wa kilomita 28 hivi. Kutoka Tanga hadi Pemba inaingia miraba miwili tu, na ghuba nzima pamoja na visiwa vya Yambe na Ulenge humezwa na mmoja, ambao mara nyingi hauna namba kabisa kwa kuwa umegusa nchi kavu. NOAA Coral Reef Watch, wa Marekani, wanaofuatilia kupauka kwa matumbawe, hutumia digrii 0.05, yaani kilomita 5 na nusu. Zipo pia data za 0.01, kilomita moja na ushei.

Ila mraba kuwa mdogo hakumaanishi umepimwa. Setilaiti zinazopima joto kwa infraredi hazioni chini ya mawingu. Data ya daraja la L3 huacha matundu palipokuwa na wingu. Ya L4 huyaziba kwa hesabu, ikitumia siku za jirani na vipimo vya maikrowevu, ambavyo hupenya wingu lakini miraba yake ni ya makumi ya kilomita na karibu na pwani haviaminiki. Ramani isiyo na tundu hata moja katikati ya masika ni ya kutiliwa shaka.

Kusoma namba yenyewe, bofya mraba au andika latitudo kwanza, kisha longitudo: -5.1, 39.3. Ukisahau alama ya kutoa unaangukia kusini mwa Ethiopia, nchi kavu, na jibu linarudi tupu; watu hudhani mtandao umekatika. Ukigeuza mpangilio unafika Hispania.

Kisha rekebisha kipimo cha rangi. Maji ya uso huku huwa nyuzi 25 hivi kusi likikaza, na hufika 29 au 30 kaskazi ikielekea ukingoni. Kipimo cha dunia nzima, kuanzia chini ya sifuri hadi 35, kitakupa Tanga ya rangi moja mwaka mzima. Weka 24 hadi 31, na usikibadilishe unapolinganisha tarehe mbili.

Klorofili, rangi ya kijani ya mimea midogo ya baharini ambayo ramani hizi pia huionyesha, ndiyo inayodanganya zaidi. Baada ya mvua, mdomo wa Mto Pangani hung'aa kana kwamba chakula cha samaki kimejaa, kumbe hesabu imeusoma udongo kama mimea hiyo. Kwenye Worldview, washa tabaka la rangi halisi la siku hiyohiyo: maji yakiwa ya kahawia, namba za miraba hiyo ziache, usome zile za mbali na mto, kwenye kina kirefu.