Huzuni yao inatoka wapi?

Sokoni Kadutu, hapa Bukavu, mvua ikituweka chini ya mabati, maneno haya hayakosi: anayependa mtu wa jinsia yake ni mgonjwa, na ushahidi ni ile huzuni yake. Huzuni mara nyingi ipo kweli.

Lakini mapenzi ya jinsia moja yaliondolewa kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa mwaka 1990. Watafiti wanakuta sonona na mawazo ya kujiua yakizidi penye matusi, kufukuzwa nyumbani na kujificha. Marekani, utafiti wa 2017 ulionyesha kuwa majimbo yaliporuhusu ndoa za jinsia moja, majaribio ya kujiua ya wanafunzi wa sekondari yalipungua kwa takriban 7%. Na kuna anayefika mlangoni pa kituo cha afya, akamwona muuguzi ni jirani ya mama yake, akaogopa siri yake isifike nyumbani, akarudi na homa yake.

Ukitaka kuhakiki, mwombe daktari akufungulie hiyo orodha, wenyewe huiita CIM, mtafute pamoja. Ukisoma utafiti, tazama waliohesabiwa ni nani. Kama ni waliolazwa hospitali peke yao, wagonjwa watajaa tu, hata ungehesabu wauza ndizi.