Willow si mgahawa wa Mackintosh, ni wa Miss Cranston

Kila kundi la wageni ninalozungusha hapa Glasgow, Uskoti, kila kundi jamani, tukifika Sauchiehall Street mbele ya Willow lazima mmoja aseme "kumbe ndo huu mgahawa wa Mackintosh". Juzi nimeusikia tena, sasa leo naandika.

Mackintosh alikuwa fundi wa kuchora majengo, biashara ilikuwa ya Kate Cranston, na enzi hizo watu walienda kunywa chai "kwa Miss Cranston". Angalieni miaka tu. Huyu mama alifungua mgahawa wa chai mtaa wa Argyle Street mwaka 1878, Mackintosh kazaliwa 1868, yaani alikuwa mtoto wa miaka 10 anasoma! Ingram Street akafungua 1886, na 1888 alipotaka kupamba akampa kazi George Walton, kijana aliyekuwa karani wa benki, akaacha benki kwa ajili ya kazi hiyo. Mackintosh anakuja kuonekana Buchanan Street kwenye 1896 hivi, na pale alipewa kuchora ukutani tu, fanicha ni za Walton. Baadaye Argyle Street wakabadilishana, Walton kuta, Mackintosh fanicha, ndo kikatoka kile kiti cha mgongo mrefu kupita kichwa cha mtu aliyekikalia. 1900 akapewa chumba kizima Ingram Street, halafu 1903 ndo Willow, jengo lote ndani na nje mpaka vijiko. Mnaona Miss Cranston alivyomlea? Kazi ndogo kwanza, akiridhika anamwongezea, miaka saba hiyo, na hela inayotoka ni ya kwake. Mimi kila anayeniambia anataka kufungua kafe namwambia asome mpangilio huo kabla hajampa fundi mmoja kila kitu siku ya kwanza.

Na ndani ya Willow ukipanda Room de Luxe, ile yenye viti vya rangi ya fedha na vioo ukutani, chai iliuzwa peni moja zaidi ya vyumba vingine vya jengo hilohilo. Watu walilipa. Ile paneli ya plasta yenye shanga nayo ni kazi ya Margaret Macdonald, mke wa Mackintosh, naye mnamsahau.

Wengine wanasema eti Miss Cranston mtaji alipewa na mume. Aliolewa na John Cochrane mwaka 1892, miaka 14 baada ya kufungua, na kwenye biashara aliendelea kuitwa Miss Cranston.

Eti ndiye aliyeanzisha migahawa ya chai. Hapana, kaka yake Stuart, muuza majani ya chai, alishaweka meza za wateja dukani kwake mwaka 1875. Dada mtu aliichukua akaikuza ikawa sehemu ya kula mchana na kukaa.

Eti ilikuwa ya wanawake tu. Willow juu kabisa kulikuwa na chumba cha wanaume kucheza biliadi. Kilichokosekana ni pombe.

Cochrane alifariki 1917, Miss Cranston akaanza kuuza migahawa yake, Willow nayo ikauzwa. Alifariki 1934 na theluthi mbili za mali yake akawaachia maskini wa Glasgow. Mgeni akiniuliza sasa sura yake ikoje namwambia atazame pochi yake, noti ya pauni 20 ya Royal Bank of Scotland iliyotoka 2020 yumo yeye.